Tumbo Nalo Lilikimbia

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mavi niyatazame. Mnisamehe kuanza hivyo, lakini kazi yangu ilikuwa ya tumbo, na mtu aliyehangaika na matumbo ya watu miaka yote ya vita hawezi kuandika kumbukumbu zake kwa maneno ya harusi. Nilikuwa nimetoka shule ya uuguzi na diploma yangu kwenye bahasha, nimevaa blauzi nyeupe na suruali nyeupe iliyopigwa pasi ya makaa mpaka mikunjo yake ikasimama. Nikapanda kilima hadi kituo cha afya upande wa Mushaki, kituo kidogo ambacho ng'ombe walichungwa mpaka chini ya dirisha la chumba cha sindano. Aliyenipokea ni Titulaire. Ndivyo tulivyomwita muuguzi mkuu wa kituo, mtu anayeshika funguo, dawa na lawama zote. Bahasha yangu hakuifungua. Alinipa kopo lenye kifuniko, akanisogeza kwenye mwanga.

"Angalia muzuri," akaniambia. "Iko na damu? Iko na makamasi? Ao iko sawa maji ya muchele? Munganga mwenye anaogopa mavi, arudi ku masomo."

Munganga kwetu ni yeyote anayetibu kwa dawa za hospitali, hata muuguzi. Nilitazama, nikajibu, huku nimebana pumzi. Alicheka, akasema nitazoea, na kweli nilizoea. Damu na makamasi humaanisha kuhara damu, maji ya mchele huashiria kipindupindu, na hicho hakingoji mtu amalize kuandika jina la mgonjwa. Dawa ya kwanza kwa karibu wote ilikuwa ileile: maji yaliyochemshwa, chumvi na sukari kwa kipimo, mgonjwa anywe kidogo kidogo hata kama anatapika. Ninyi wauguzi vijana mnayo siku hizi kwenye pakiti zilizoandikwa vizuri. Sisi tuliikoroga wenyewe, na Titulaire aliionja kila mara. Alisema ikizidi chumvi ya machozi, mwaga.

Watu wa vilima vyetu hawasemi wanahara. Husema, "Tumbo inakimbia." Kwa hiyo Titulaire alimwuliza kila mgonjwa, hata aliyekuja na jino: umekula nini, tumbo inakimbia ao inakaa, na roho iko aje? Nikamwuliza siku moja roho inahusu nini na kuhara, maana shuleni hatukufundishwa. Alikuwa anaosha mikono. "Tumbo na roho ni majirani," akasema. "Ukuta wao ni moja. Mumoja akipiga kelele, mwengine halali." Siku hizi nasikia wasomi wanaeleza kwamba utumbo una mishipa yake ya fahamu na unazungumza na ubongo mchana na usiku. Naamini. Kwetu, mtu akifiwa, jirani huja kwanza na mashanza, yale maziwa yaliyoganda na kuchachuka kidogo, na hasemi neno mpaka mfiwa ameyanywa. Titulaire naye aliwapa mashanza wale waliokuwa wakipona. Nimeona watu waliolala na tumbo lililotulia wakipokea habari ya msiba wakabaki wamesimama, na nimeona wengine, ambao tumbo halikukaa kwa wiki nzima, wakilia kwa sababu ya kijiko kilichopotea.

Mimi nilikuwa kati ya hao wa kijiko, na hapo ndipo aibu yangu inapoanzia.

Vita vilipofika upande wetu havikuja na jina, vilikuja na milio. Mara ya kwanza ilikuwa asubuhi ya chanjo, uwanja umejaa akina mama na watoto. Risasi zikalia ng'ambo ya kilima, mbali kabisa. Wenzangu waliinua vichwa wakasikiliza. Mimi sikusikiliza kitu, kwa sababu tumbo lilikwisha kunipeleka chooni. Nilirudi nikasema ni mashanza ya jana. Wiki iliyofuata nikasingizia maharage. Baadaye hata risasi hazikuhitajika: mlango ukijibamiza, pikipiki ikitoa mlipuko, beseni la bati likianguka, nilikuwa mbioni. Mwanamume mzima, munganga, mwenye sauti nzito ya kuwaambia watu "Msiogope."

Nilijipima mwenyewe. Niliweka choo changu chini ya mikroskopu siku ambayo Titulaire alikuwa safarini, nikatafuta amiba, nikatafuta mayai ya minyoo, nikatafuta chochote. Hamkuwa na kitu. Sijawahi kuhuzunishwa na matokeo mazuri kama yale. Amiba ina dawa, na mtu anaweza kusema "Niko na amiba" mbele ya wakwe zake bila kuinamisha kichwa. Ugonjwa wangu ulikuwa woga, na kwetu mwanamume haendi kwa munganga na woga, sembuse kama munganga ni yeye mwenyewe.

Nikaanza kutokula kabla ya kazi, nikidhani tumbo tupu halina cha kukimbiza. Yalikuwa makosa ya kijinga kwa mtu wa fani. Tumbo tupu lilikimbia vilevile, na roho ikawa nyembamba kama mwili wangu uliokuwa ukipwaya ndani ya suruali. Niliwafokea wagonjwa. Niliwahi kuvunja kipimajoto nikatoka nje kulia nyuma ya stoo. Mke wangu, Mama Neema, aliyekuwa akiuza maharage kando ya barabara pale Mushaki, aliniuliza kama kuna jambo. Nikamwambia kazi ni nyingi. Siku zile mbaya nilikuwa nasuuza suruali mwenyewe mtoni kabla ya kufika nyumbani, nasema zimelowa kwa mvua. Yeye alizifua tena kwa sabuni, akazianika juu ya majani, na watu wa Mushaki walimsifu kwa weupe wake.

Milio ilipovuka kilima tulikimbia wote hadi Sake, Mama Neema akafikia kwa mama yake. Titulaire alikwenda kwa watoto wake Goma. Mimi nilipangwa katika kambi ya wakimbizi, chini ya Medecin Chef de Zone, yaani daktari anayesimamia vituo vyote vya eneo. Tulimwita Docta tu. Pale kambini watu wa maziwa na viazi walikula unga wa mahindi, asubuhi unga, jioni unga, kama upo. Vyoo vilikuwa mashimo yaliyozungushiwa turubai la plastiki, bila mlango, vikitazama njia ya kila mtu. Akina mama hawakuvikaribia mchana. Mama mtu mzima akitembea kuelekea kule mbele ya mkwe wake na watoto wa jirani? Afadhali ajibane hadi giza liingie. Niliwaonea huruma, na huruma yangu ikaishia hapo.

Nilikuwa na meza chini ya turubai, na mlolongo mbele yangu. Nilifanya kama nilivyofundishwa, kwa sauti, maana kelele zilikuwa nyingi: "Mama, tumbo inakimbia?" Siku moja bibi mmoja akanijibu, "Papa munganga, sisi wote tulikimbia. Tumbo nayo ingebakia na nani?" Mlolongo ukacheka kicheko kisicho na furaha. Nami nikacheka. Baada ya hapo kila niliyemwuliza alijibu "Iko muzuri," nami nikaandika kwamba tumbo liko vizuri, na Docta akafurahi kwamba kambi yake haina kuhara. Sikujiuliza inawezekanaje. Nilikuwa nashughulika na la kwangu.

Siku ya aibu yenyewe ilikuwa ya soko, jua limetoka, hata moshi wa volkano ya jirani ulikuwa mwepesi. Mama mmoja mrefu, mwenye sauti ya kuuza mboga, alikuwa wa kwanza kwenye mlolongo. Jina lake Mama Zawadi, mkimbizi kama mimi. Alikuja mara kwa mara akisema roho inamchafuka, nami nilimpa dawa ya kichefuchefu. Nilisimama kumpima homa. Malori ya askari yalikuwa yakipita kuelekea Mubambiro, kwenye kambi yao, na ghafla mlio mkubwa ukapasuka upande wa vilima, ukafuatwa na mwingine. Watu waliinama. Mimi nilibaki nimesimama wima, na suruali yangu nyeupe ikanisaliti palepale, mbele ya akina mama wa kambi nzima.

Sikumbuki nilifanya nini na uso wangu. Nakumbuka Mama Zawadi tu. Alifungua kikwembe chake cha juu, yaani kitenge, cha buluu chenye picha za kuku wa njano, akanizungushia kiunoni kama anavyovishwa mtoto aliyetoka kuoga. Kisha akageukia watu.

"Serumu imemumwangikia munganga," akasema kwa ile sauti ya soko, kana kwamba ni maji ya dripu tu yaliyonilowesha. "Mugeuke, abadilishe nguo."

Wakageuka wote. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikapita nyuma ya turubai nikaenda zangu, sikumwambia ahsante. Nilifua mwenyewe, suruali na kikwembe. Kikwembe nilikikunja nikakificha, nikijiambia nitamrudishia kesho. Kesho yake nilimwona kwa mbali nikabadili njia. Kumrudishia kungekuwa kusema.

Badala yake nilikwenda kwa Docta kuomba uhamisho wa Walikale, ndani kabisa ya msitu, mahali ambapo hakuna aliyekuwepo siku ile. Vita vilikuwepo huko pia, na wauguzi walikuwa wanatoroka. Docta alivua miwani akaniangalia kwa heshima ambayo sikuwahi kuipata kwake.

"Wenzako banaomba Goma, weye unaomba Walikale," akasema. "Batu sawa weye njo tunatafuta." Na kwenye mkutano wa wauguzi akarudia kwamba watu kama mimi ndio wanaotafutwa, wakanipigia makofi. Nilisimama nikayapokea.

Walikale nikawa Titulaire mimi mwenyewe. Msitu, mvua, mito, wachimbaji wa madini wanaoteremshwa kwa machela na malaria hadi kichwani. Kule nguo huota ukungu hata zikiwa ndani ya sanduku, kwa hiyo Mama Neema alikuwa na desturi ya kutoa kila kitu na kukianika jua likichomoza. Nilirudi kwa chakula cha mchana nikamkuta ameketi mlangoni, kikwembe chenye kuku wa njano magotini.

"Hii iko ya nani?"

"Ya mama mumoja wa Sake," nikasema.

Alikikunjua chote mbele yangu.

"Alikuachia, ao ulimuvua?"

Hapo ndipo ningesema. Neno lilikuwa moja tu. Lakini nilinyamaza, na kunyamaza kwa mwanamume mbele ya swali kama lile ni jibu. Niliona alivyolipokea. Vijana wangu, nilipendelea mke wangu aniite mzinzi kuliko aniite mtu aliyejinyea. Uzinzi una wanaume wengi ndani yake, nilifikiri. Kule kwingine niliona niko peke yangu.

Mama Neema hakupiga kelele. Aliendelea kupika, akaniandalia, kisha akatoka nje nikila. Chakula chake alikigusa akakiacha. Akaanza kupungua. Nilimsikia akitapika nyuma ya nyumba asubuhi, na haikuwa mimba, tulikuwa tumepita hapo. Nilikuwa na dawa zote za kituo mkononi, na ugonjwa wa mke wangu niliujua ulipotoka, maana mimi ndiye niliyemletea.

"Mama Neema, tumbo iko aje?" nikamwuliza.

"Iko muzuri," akanijibu, sawasawa na wale wa mlolongo.

Baadaye akasema anaenda Sake kumwona mama yake. Alipanda gari la mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa ameleta chumvi na sabuni. Aliposhuka ngazi ya gari kurekebisha mzigo niliona buluu ndani ya kapu lake. Sikumzuia. Nilihesabu kwamba harudi tena, na kwamba ninastahili. Nilihudumia wagonjwa nikiwa nimekonda hadi wachimbaji wakanionea huruma.

Alirudi mvua inanyesha. Aliweka kapu chini, akanitazama tangu kichwani hadi suruali.

"Ulinificha tumbo," akasema.

Niliinama kulichukua kapu.

"Papa Neema, tumbo nilijua tangu Mushaki. Nguo zako nani alikuwaka anafua? Unazisuuza mu mutoni na maji ya baridi, unafikiri zimetakata. Miye njo nilikuwa natoa alama na majivu, naanika, batu banasifu. Sikukuuliza sababu nilisema atanieleza siku atachoka. Tumbo haikunitesa. Nyamaza yako njo ilinitesa."

Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Niliketi juu ya gunia la chumvi na kulia, safari hii si kwa sababu ya kipimajoto.

Tulipokwisha kula, kwa mara ya kwanza tukiwa sahani moja baada ya muda mrefu, akanieleza kuhusu Mama Zawadi. Aliulizia mwenye kikwembe cha kuku wa njano mpaka akampata sokoni Sake, akamfungulia kapu bila salamu, tayari kwa ugomvi. Mama Zawadi aliangalia wale kuku wa njano, akacheka mpaka akashika mbavu. "Ah, ni ya munganga wa serumu," akasema. Akamweleza yote. Akakipokea kikwembe chake, akakifunga juu ya kile alichovaa, akaendelea kupanga mboga yake ya lengalenga.

"Ananituma nikuambie kitu," Mama Neema akasema. "Mu ile kambi wamama wote walikuwa wanavaa mbili. Ya juu ni ya heshima. Ya chini njo ya tumbo. Choo haina mulango, na weye unawauliza mbele ya batu, wangesema nini? Ile siku alikupa ya juu. Akabakia na ya chini, na ilikuwa imeshachafuka tangu asubuhi. Njo maana aliambia batu wageuke. Haikuwa kwa ajili yako peke yako."

Sijui kama mmenielewa. Nilidhani mlolongo uligeuka ili usinione mimi. Kumbe alisimama pale na uchafu wake nje, katikati ya watu, ili wangu ufunikwe, nami nikapita nyuma ya turubai bila kumwambia ahsante. Na yule ndiye niliyekuwa nampa vidonge vya kichefuchefu. Aibu ya kujinyea ilinitoka siku ile nilipoyasikia hayo. Ile ya kutomwambia Mama Zawadi ahsante imekaa mpaka leo.

Kuanzia hapo nilibadili namna ya kufanya kazi. Kabla ya kuomba dawa niliomba mbao, na choo cha kituo changu kilikuwa na mlango na komeo kabla hakijawa na paa. Mgonjwa nilimwingiza ndani peke yake. Nilimpa kwanza kitu cha kunywa, uji wa mtama uliochachuka kama hakuna maziwa, na sikumwuliza tumbo lake kabla ya kumwambia langu. "Yangu inakimbia nikisikia bunduki," nilimwambia. "Yako?" Ungeona vichwa vinavyoinuka. Walisema yote: tumbo, ndoto, mtoto aliyebaki njiani. Kuhara kukaongezeka sana katika ripoti zangu, na msimamizi mmoja alikuja mbio akidhani tuna mlipuko. Wengine niliwatibu kwa dawa, maana kweli walikuwa na wadudu. Wengine walihitaji kula chakula cha moto saa ileile kila siku pamoja na watu, na kusikilizwa. Hawakupona wote. Lakini walianza kuvumilia.

Siku ya kustaafu kwangu walinifanyia karamu kituoni. Docta mpya, kijana aliyenisoma kwenye makaratasi tu, alisimama akatoa hotuba. Akasema vijana waige mfano wa mzee huyu, shujaa, aliyeomba Walikale wakati wenzake walikuwa wanakimbilia Goma. Makofi yakapigwa, yaleyale ya zamani. Mama Neema alikuwa mstari wa mbele, amevaa vikwembe viwili kama kawaida ya akina mama. Hakupiga makofi. Alikuwa ananiangalia tu.

Nikasimama kujibu. Nilikuwa nimeandaa shukrani, nikaikunja karatasi.

"Docta, ahsante," nikasema. "Lakini nilikuja Walikale kwa sababu nilijinyea Sake, mbele ya batu, bunduki ilipolia. Nilikimbia aibu. Mama mumoja alinifunika, na sikumurudishia hata neno."

Docta mpya alitazama viatu vyake. Miguu yangu ikatamani nyuma ya turubai lisilokuwepo. Kisha nyuma kabisa, karibu na mlango, mlinzi wetu akakohoa. Alikuwa askari zamani, mtu mkubwa wa maneno machache, ambaye kwa muda wote tuliofanya kazi pamoja alikuwa akijibu kwamba tumbo lake liko vizuri.

"Miye, yangu ilikimbia ku Mubambiro," akasema.

Mama Neema akajimwagia maji mikononi, akanisogezea bakuli la mashanza, na mimi nikamwita mlinzi aje akae karibu nasi.